Simu ya Kusemea kwa Mikono

Kwa wiki tatu nzima Nyusi alikuwa akisoma habari za simu. Akitoka zamu wodini anasoma, akisubiri chai ichemke anasoma, mpaka wauguzi wenzake wakaanza kumtania kwamba anataka kuacha sindano afungue duka. Wala hakuwa anajitafutia yeye. Alikuwa anamtafutia mama yake, fundi cherehani wa miaka sitini na mbili, ambaye hakuwahi kumiliki simu nyingine zaidi ya kile kisimu chake cha vitufe, kilichofungwa kipande cha lastiki ya sketi ili mfuniko wa betri usidondoke.

Mama yake ni kiziwi, tangu kuzaliwa. Hata hilo jina la Nyusi halimo kwenye cheti chochote; ni jina la alama alilopewa na mama siku ya kwanza, kidole kikipita polepole juu ya jicho, kwa kuwa kichanga kile kilitoka tumboni kina nyusi nene kama za babu yake. Baba aliyekuwa akisikia alilitafsiri jina kwa mdomo, majirani wakalidaka, likamfuata shuleni hadi kazini. Baba alipofariki, Nyusi ndiye akabaki masikio ya nyumba. Simu ikiita, anapokea yeye. Mteja akitaka kujua kama gauni limekwisha, anamuuliza yeye, naye anageuka, anamuuliza mama kwa mikono, kisha anarudi kwenye simu na jibu. Alianza kazi hiyo akiwa na miaka saba, na sasa ana thelathini na moja.

Watu waliomjua mama kwa ujumbe wa simu tu walimdhania mtu wa maneno machache, pengine na akili nzito kidogo. Kiswahili cha kuandika kwake kilikuwa kama nguo ya kuazima, hakikumkaa sawasawa. Aliandika: "Suruali tayari. Kesho wewe kuja." Basi. Lakini mikono yake ikishafunguka, lo! Alikuwa na uwezo wa kumwigiza mteja anayebana tumbo wakati wa kupimwa kiuno, halafu suruali inapokwisha anashangaa mbona haimwingii, na mteja mwenyewe aliyekuwa akiigizwa angecheka mpaka ashike ukuta.

Miaka yote hiyo Nyusi alimbembeleza achukue simu janja, na jibu lilikuwa lile lile. "Simu ninayo. Inatetemeka. Inatosha."

Kilichombadilisha ni ujumbe wa maneno machache kutoka kwa Kishimo. Kishimo ni mwanamke aliyesoma na mama shule ya viziwi, jina lake la alama likiwa ni kidole kilichochomekwa shavuni, mahali penye kishimo akicheka. Sasa ni mwokaji mikate katika mji ulio mbali, safari ya siku mbili, na walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na tisa. Aliandika: "Mimi simu mpya. Uso wako nataka." Mama aliusoma, akaiweka simu juu ya cherehani, akashona kola nzima pasipo kuinua kichwa. Alipokata uzi, alimgeukia binti yake.

"Jumamosi huna zamu," alisema kwa mikono. "Tutakwenda."

Jumamosi asubuhi wakaenda. Nyusi alikuwa amekwisha kata shauri, kilichobaki ilikuwa kununua tu. Simu aliyoichagua ilikuwa nyembamba kama biskuti, ina kamera tatu nyuma, ina nafasi ya kuhifadhi picha za ukoo mzima, na kila mtu mtandaoni aliisifu. Muuza simu, mwanamume wa makamo mwenye upara uliong'aa na shati lililompwaya mabegani, aliposikia jina la simu hiyo alikunjua uso.

"Dada, wewe unajua vitu," alimwambia Nyusi. "Hii ndiyo simu. Kamera yake ya nyuma, ukipiga picha inzi aliye ukutani unamhesabu miguu. Mwambie mama hatajuta."

Nyusi akatafsiri. Mama aliichukua ile simu, akapitisha kidole gumba pembeni mwake kama anavyopitisha kwenye pindo la kitambaa asichokiamini, akaigeuza mgongo, akaigeuza tena. Halafu akaisimamisha juu ya meza ya kioo, akaiegemeza kwenye boksi la makava. Simu ikateleza, ikalala chali. Akaisimamisha tena. Ikateleza tena.

"Ina mgongo wa sabuni," alisema.

"Anasema inateleza," Nyusi alimwambia muuzaji.

"Aa, sasa kwa nini aisimamishe? Simu unashika mkononi tu."

Nyusi alipolitafsiri hilo, mama alimtazama muuzaji kwa upole, kama anavyowatazama wateja wanaomletea mita moja ya kitambaa wakitaka suti. Akauweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Kwa mkono wa kulia peke yake akaanza kumsimulia jambo, refu, kwa bidii zote, vidole vikipiga hewani mahali ambapo mkono wa pili ungekuwepo. Kisha akakoma.

"Mwambie hiyo ni nusu ya nilichosema," akamwambia binti yake. "Nusu nyingine imeshika simu."

Muuzaji alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Nyusi yeye hakucheka kabisa. Alisikia masikio yakipata moto. Wiki tatu za kusoma, kulinganisha hiki na kile, na hakuna siku hata moja aliyofikiria kwamba mama yake angehitaji mikono yote miwili. Yeye mwenyewe huzungumza na simu kwa mdomo, huku mkono mmoja ukikoroga chai.

"Haya mama," alisema kwa mikono, "chagua wewe. Mimi nitatafsiri tu."

"Ndilo nililokuja kufanya," mama akajibu.

Na alichagua kweli. Kwanza alitaka kujua kamera ipi ndiyo inayomwonyesha mtu unayezungumza naye. Alipoambiwa ni ile ndogo ya mbele, aliziashiria zile tatu za nyuma kwa kidevu. "Na hizi zote? Za kuwaangalia wanaonifuata?" Basi akazifuta kwenye mawazo, mazungumzo ya inzi na miguu yake yakaishia hapo. Akaomba simu ya pili. Akaisimamisha, akawasha kamera ya mbele, akarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu, akajitazama. Alichotaka kuona ni kichwa, kifua, na viwiko vikiwa vimefunguka. Simu ilimwonyesha uso mzuri sana na mabega.

"Imenikata viwiko. Kishimo ataona mtu aliyefungwa kwenye gunia."

Ya tatu ilionyesha viwiko. Nyusi alishusha pumzi akidhani wamefika. Mama akamtaka muuzaji arekodi video, akasema mbele ya kamera maneno mengi kwa haraka, kisha wote watatu wakainama kuitazama. Ilikuwa safi. Muuzaji tayari ananyoosha mkono achukue boksi. Lakini mama alikuwa anatazama dari, kisha mlango, kisha taa ndefu nyeupe zilizopangwa juu ya meza.

"Chumba changu kina dirisha moja," alisema. Aliibeba ile simu mpaka pembe ya mwisho ya duka, nyuma ya rafu ya redio, mahali ambapo mwanga haukufika vizuri, akarekodi tena. Safari hii kila kidole kilipotembea kiliacha mkia nyuma yake kama moshi, na alipofanya haraka, vidole vitano vikawa ukungu mmoja.

"Hapa nilisema nini?" alimuuliza Nyusi.

Nyusi alikaza macho. Yeye aliyenyonyeshwa na lugha ile hakuweza kuisoma.

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui, na mimi ndiye niliyesema."

Wakati huo wateja wengine wawili walikuwa wamekwisha acha mambo yao wanatazama. Muuzaji alikuna upara wake. Nyusi alitegemea kumwona amekereka, maana wauzaji huwa hawapendi mteja wa kupanga simu kama vifungo mezani, lakini uso wake ulikuwa umeingiwa na jambo lingine. Alikuwa kama mtu aliyeulizwa swali gumu katika somo analolipenda. Alipiga magoti, akafungua kabati la chini, akatoa boksi lenye vumbi, akalifuta kwa mkono wa shati.

"Hii ni toleo la mwaka juzi," alisema. "Watu hawaitaki. Nene, nzito, nyuma ni kama raba. Lakini waliitengenezea mikutano ya video, kamera yake ya mbele ni pana."

Mama aliisimamisha. Ikasimama wima kama askari wa gwaride. Viwiko vikaonekana. Wakaenda nayo nyuma ya redio, akarekodi, wakaitazama, na kila kidole kilikuwa mahali pake. Nyusi alisoma alichosema mama pale kizani: "Huyu mwenye upara ameamka."

"Anasemaje?" muuzaji akauliza kwa hamu.

"Anasema... ahsante kwa kuitafuta."

Mama, ambaye husoma midomo kuliko watu wanavyodhani, alimtupia binti yake jicho la pembeni.

Kazi haikuishia hapo. Muuzaji alitaka kumwonyesha mtetemo. Akatia humo laini ya duka, akaiweka simu mezani, akaipigia, nayo ikanguruma mpaka makava yakacheza. Mama aliitikia kwa kichwa, akaitia katika mfuko wa mbele wa gauni lake, akaanza kupiga mguu sakafuni kwa kasi, mabega yakitikisika, kama yuko kwenye cherehani. "Nikishona, mwili wote unatetemeka kutwa nzima. Nitajuaje hii ni simu na hii ni suruali ya mtu?"

Muuzaji akaanza kupekua mipangilio ya ile simu, ukurasa hadi ukurasa, akisoma kwa sauti ya chini, hadi akafika sehemu waliyowekewa watu wasiosikia na wasioona. Miaka kumi na moja anauza simu, akawaambia baadaye bila kujificha, na ukurasa ule hakuwahi kuufungua. Humo alikuta kitu cha kuwasha tochi kila simu inapoita. Akakiwasha, akarudi nyuma, akapiga. Taa ya mgongoni ikawaka mara moja, mara mbili, mara nyingi, ikaupiga ukuta wote wa makava kwa mwanga mweupe.

Mama alicheka kwa sauti. Kicheko chake ni kikubwa, hakijawahi kupunguzwa na masikio yake mwenyewe, na duka zima liligeuka. Nyusi alipokuwa mtoto kicheko hicho kilimfanya atamani ardhi ipasuke. Leo alisimama karibu zaidi na mama yake na kuwatazama waliogeuka, mmoja mmoja.

Muuzaji aliona vyema aseme na ubaya wa simu hiyo. "Nafasi yake ya kumbukumbu ni ndogo. Si ya kujaza video."

"Ikumbuke nini?" mama aliuliza. Nyusi akamweleza: picha, filamu, michezo. "Vya kukumbuka nitakumbuka mwenyewe. Muulize chaji."

"Inakaa siku mbili."

"Siku mbili ikiwa imelala, au ikiwa inazungumza?"

Muuzaji akatabasamu, maana alikuwa ameanza kumzoea. Safari hii hakumtazama Nyusi. Alimgeukia mama mwenyewe, akainua vidole vitano, halafu kimoja akakipinda katikati. Saa nne na nusu.

"Kishimo hamalizi salamu kwa saa nne," mama alisema. "Lakini itafaa. Na mimi mikono itahitaji kupumzika."

Wakaweka laini ya mama, muuzaji akawaunganisha na mtandao wa duka, Nyusi akaiandika namba ya Kishimo. Kama desturi, akasogea mbele ya skrini ili atafsiri. Mama akamshika bega na kumsogeza kando, bila ukali, kama mtu anayesogeza pazia. Hapo tu ndipo Nyusi alipotambua kwamba hapakuwa na cha kutafsiri.

Simu ilipokelewa. Kwanza ilionekana dari, halafu mkono wenye unga, halafu uso mpana wa mwanamke mwenye kofia nyeupe ya kazini. Kishimo alikaribia kioo mpaka akabaki jicho moja na pua, akarudi nyuma, na kile kishimo kikajichora shavuni.

"Jicho!" alisema. Hilo ndilo jina la alama la mama. "Umezeeka!"

"Na wewe umeumuka!"

Basi, yakaanza. Nyusi alikuwa amesimama upande, anaona kioo kwa kukiinamia, na bado yalimpita mengi kwa kasi yake. Hakuwa amewahi kumwona mama yake hivi. Nyumbani mama huzungumza naye kwa mwendo wa mtu anayetembea na mtoto, hata sasa, kumbe miaka yote hiyo alikuwa anamsubiri. Hapa alikuwa anakimbia. Alama za kishule ambazo Nyusi hakuzijua, vifupisho, majina ya walimu yaliyokuwa masharubu, mwendo wa bata, au kalamu iliyochomekwa nyuma ya sikio. Waliulizana wafu na walio hai. Kishimo alilia kidogo, akajifuta, akajipaka unga, mama akamcheka.

Kisha Kishimo akauliza, "Bado unafundisha kwenye mashuka?"

Mama alilipuuza, akaingiza habari nyingine. Lakini Kishimo alikuwa amemwona Nyusi pembeni, akampungia. "Wewe ndiye Nyusi? Mama yako hakukuambia?"

Na akamwambia yeye. Zamani zile, shuleni kwao, walimu walitaka watoto waseme kwa mdomo tu. Aliyeonekana anatumia mikono alichapwa rula kwenye vidole. Watoto wadogo walikuja pale bila lugha yoyote, ya mdomo wala ya mikono, wanakaa darasani wametumbua macho tu. Mama wakati huo ana miaka kumi na miwili. Kila Alhamisi, siku ya kufua, aliomba yeye ndiye aanike mashuka ya bweni, akayapanga kamba kwa kamba mpaka yakawa kama vyumba. Humo ndani, ambapo walimu hawaoni, aliwaketisha wadogo na kuwafundisha: maji, mama, naumwa, naogopa, nataka kwenda nyumbani.

"Mimi nilikuwa mmoja wao," Kishimo alisema. "Nilikuwa na miaka sita. Neno la kwanza maishani mwangu nilipewa na huyu. Siku moja walimkamata. Alichapwa mpaka vidole vikavimba kama mikate yangu. Alhamisi iliyofuata, akaanika mashuka."

Nyusi alimtazama mama yake. Alikuwa ameijua mikono ile kwa sindano na chaki, kwa kupima homa kwenye paji la uso, kwa kumfunga nywele. Alijua kwamba kidole cha kati cha kulia hakinyooki vizuri. Alikuwa amedhani ni cherehani.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

Mama aliinua mabega. "Walikuwa wadogo. Walikuwa na mambo ya kusema." Akageukia kioo. "Na wewe acha maneno, mikate yako inaungua." Na kweli Kishimo alishtuka, akakimbia, ikabaki dari.

Mama alilipa mwenyewe, kutoka pochi aliyoishona mwenyewe. Wakati Nyusi akitia boksi kwenye mkoba, muuzaji alizunguka meza akasimama mbele ya mama, uso kwa uso, akauliza polepole kwa mdomo jinsi ya kusema ahsante. Mama akamwonyesha. Akaifanya vibaya, akarekebishwa vidole, akaifanya vizuri. Kisha mama akalibana shati la muuzaji kwenye bega, akalipunguza inchi moja kwa vidole viwili, akaashiria upande wa mtaa anaofanyia kazi. Hilo halikuhitaji mkalimani. Jumatatu alilileta, pamoja na mengine matatu, na safari hiyo alikuja na kiziwi mmoja, fundi wa kuchomelea, aliyekuwa ametafuta simu dukani kwake na kupewa nyingine ya toleo lile lile la kabati la chini.

Siku kumi na moja baadaye, saa nne ya asubuhi, Nyusi alikuwa anabadilisha bandeji ya mgonjwa simu yake ilipoita mfukoni. Alimaliza, akaosha mikono, akaitazama. Mama. Katika umri wake wote mama hakuwahi kumpigia simu, angewezaje? Alikimbilia chumba cha wauguzi, akaiegemeza simu kwenye jagi la maji, akapokea.

"Kuna nini?" aliuliza kwa mikono. "Umeanguka? Umejikata?"

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kushonea, futi imemning'inia shingoni, ametulia tuli.

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu?"

"Nimekupigia tu. Si ndivyo watu wanavyofanya? Miaka yote nawaona wanapigiana, wanacheka, ukiuliza kuna nini, hakuna kitu." Akasogea karibu. "Umekula?"

Nyusi aliketi kwenye ukingo wa meza. Alitaka kujibu, ikabidi ajifute machozi kwanza. Alipoona jibu linachelewa, mama alianza kumsimulia habari za bwana harusi aliyekuja asubuhi ile na suti ya kaka yake, anataka ipunguzwe, na kaka mwenyewe hajui. Akamwigiza bwana harusi akinyata kuingia, akamwigiza akichungulia mtaani, akaigiza suti yenyewe ilivyomvaa, mikono ikipotelea ndani. Muuguzi mkuu alifungua mlango, akamkuta Nyusi anacheka na machozi yanamtoka, mikono ikienda hewani kumuuliza mama swali, akaurudisha mlango taratibu.

"Haya," mama alisema hatimaye, "nina kazi mimi. Usinipotezee muda." Na akakata yeye.

Nyusi alirudi wodini bado anatabasamu. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mzee mdadisi ambaye hakukubali kitu kimpite, akamuuliza ni nani huyo aliyemfurahisha hivyo.

"Mama," alisema Nyusi. "Mama kanipigia."

"Alikuwa anataka nini?"

"Hakuna kitu, babu," alisema, akamwinulia mto.